Sufi Ukutani

Newala, mwezi wa sita, baridi haibishi hodi.
Inapanda usiku kutoka Shimo la Mungu,
inapita ukutani kama mwenye funguo
na kuja kulala kifuani mwa mama.

Ufa tungeuziba.
Huu si ufa. Nje lipu, ndani lipu,
rangi nzima mpaka dirishani,
na kati yake, palipokuwa na fito na udongo,
mchwa wamekula miaka thelathini bila kelele,
wakaiacha nyumba imesimama kwa adabu tu.

Fundi Nampoto aligonga kwa kifundo cha kidole,
sikio ukutani, macho amefumba.
Ndu. Ndu. Kisha: ko.
"Hapa pazima. Hapa pazima.
Hapa, sogea mama,
hapa pana chumba kingine."

"Tubomoe, tupandishe tofali," nikasema,
mimi wa mjini, mwenye mshahara.
Mama hakunijibu. Alikwenda kusimama
mbele ya ukuta wa sebule,
ambao baba, msimu ule korosho ilipopata bei,
aliupiga lipu mwenyewe, na kabla haijakauka
akaandika kwa msumari: *gunia 17.*
Chini yake: *Mnalolo, debe mbili, bado.*
Chini zaidi, mistari ya urefu wetu.
Wangu unapanda kila mwaka.
Wa Sharifa unafika kiunoni mwangu, basi.

Tukatoboa.
Matundu ya juu, karibu na dari,
upana wa sarafu ya shilingi mia,
keke ikilia, vumbi likitushukia kopeni.
Sufi tulikuwa tumeichambua siku tatu;
watoto wa jirani walitoa mbegu, wakapiga chafya,
nywele zao zikazeeka kwa jioni moja.
Nampoto akaitia majivu, mchwa wasirudi karamuni,
akaishindilia kwa ufito wa mwanzi,
konzi kwa konzi.

Kuta zina masikio, wanasema.
Wa kwetu ulikuwa na tumbo:
gunia la kwanza, la pili, la tatu,
la nne tukaazima kwa mshona magodoro
aliyetuuliza mara mbili
nani analalia ukuta.

Penye maandishi ya baba fundi alizunguka.
"Hesabu ya mtu siitoboi," akasema,
akaziba matundu, akasugua, akapaka chokaa,
akala ugali wake kimya, akaondoka na keke yake.

Usiku upepo ulikuja.
Tuliusikia ukihangaika nje,
ukipapasa, ukirudi, ukijaribu pembe nyingine.
Mama alivua shuka la tatu. Hakukohoa.

Karibu na alfajiri nikamkuta sebuleni,
kiganja juu ya gunia kumi na saba.
"Hapa bado pana baridi," akasema.
Nikageuka kutafuta tochi,
nikamfuate fundi kukikucha.

"Kaa," akasema.
"Mnalolo hajalipa."