Swali la Nne, Alama Nne

Saa nne usiku, mjini Esch. Mvua ya Novemba madirishani,
nami nasahihisha:
karatasi ishirini na mbili, kalamu moja nyekundu,
chai imepoa hadi ikafanya utando.

*Taja faida mbili na hasara mbili za wahamiaji.*

Ishirini na mmoja wamejibu kama kitabu.
Faida: nguvukazi ya bei nafuu; vyakula vipya.
Hasara: uhaba wa nyumba; lugha.
Vema, vema, vema,
mkono wangu unaijua njia kuliko mimi.

Kisha Iolanda Quintela, wa dawati la karibu na kipasha joto:

*Hasara ya kwanza, babu anakoroma.
Hasara ya pili, alikaa miaka minne bila kumwita bibi,
na mama alipomwona kituoni alimwamkia "bwana".
Faida sijui. Faida ya nani?*

Mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya jibu hili.

Nafungua ukurasa wa mia na arobaini na tatu.
Miaka kumi na tisa nimeufundisha; leo nausoma.
"Nguvukazi iliagizwa kutoka Ureno."
Iliagizwa.
Kama saruji. Kama mbegu za viazi.
Aya ya pili wamekuwa maji: wimbi, wakamiminika, wakafurika.
Watu waliovuka Pirenei usiku, kwa miguu,
theluji ndani ya soksi,
wao ndio mafuriko, na sisi ndio tulioloa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa walikabidhiwa sepetu kabla ya kuvua koti.

Narudi sura ya sita. Humo tunaoondoka ni sisi:
mavuno mabaya, meli, Amerika.
Humo hakuna wimbi.
Kuna Nikolas Reding, fundi wa magurudumu,
kuna mkewe Margréit na kikohozi chake,
kuna hata mbwa wao, na mbwa ana jina.
"Walithubutu," kinasema kitabu.

Chini ya karatasi yake Iolanda amebandika nakala ya picha,
uso wa kijana, mstari mweupe umempita puani.
*Ilichanwa kabla ya safari. Nusu ilibaki kwa bibi.
Nusu ya babu ikarudi kwa posta, maana yake
nimefika, mlipeni aliyenivusha.
Huyu ni Abílio. Ukurasa 143, wa tatu kutoka kushoto.*

Naangalia. Wanaume sita, masanduku yamefungwa kamba,
"wafanyakazi wageni, takriban 1967".
Wa tatu ana pua ileile.
Picha ya kitabu ni nzima, wala haina jina hata moja.

Nimempa mbili. Nimezikata. Nimeandika tatu,
nikaona aibu ya ile moja.

Nageuza karatasi, labda kuna zaidi.
Kuna mstari mmoja, kwa penseli:

*Nilimsomea babu na sura ya sita.
Anauliza, yule mbwa alifika?*