Nusu kwa Nusu

Godoro lilitangulia kushuka ngazi za Michenzani,
limefungwa kamba ile ile
tuliyokuwa tukivutia ndoo za maji hadi ghorofa ya nne.
Jirani akachomoza kichwa: "Ndo mnahamia shamba?"
Shamba.
Alilitamka kama anayetaja maradhi ya mtu mwengine.
Nikamjibu, watoto wapate pa kukimbia.
Ya kodi sikumwambia.
Ushoroba wetu ulikuwa hatua kumi na moja,
Ilyasa alizihesabu, akaenda akarudi, akaenda akarudi,
mpaka wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio.

Bumbwisudi, basi.
Vyumba vitatu, bati jipya, sakafu ingali inanuka saruji,
mita ya umeme inayolia kila uniti zikikaribia kwisha,
na mshelisheli uani, ambao mwenye nyumba
kautia ndani ya mkataba:
matunda nusu kwa nusu.

Usiku wa kwanza kitu kililia juu ya paa.
Raudha akanirukia: "Mama, mtoto wa nani anapigwa?"
"Komba huyo," shangazi Mize akasema gizani,
"kalewa tembo la watu. Laleni."
Yeye akalala.
Sisi wa mjini tukakaa macho tukingoja honi,
na honi haikuja.

Saa kumi na nusu mimi niko juu ya skuta,
buibui nimelikunja nimelikalia,
Kizimbani, Dole, Kianga,
taa yangu moja, na macho ya ng'ombe kando ya njia
yakiwaka, yakizimika.
Saa kumi na mbili nafungua dirisha la tiketi Malindi,
nawauzia watu safari.
Nikirudi, isha imeshasaliwa.
Nawabusu visigino,
maana ndivyo vilivyotoka nje ya chandarua.
Vina tope la rangi nisiyoijua.

Miezi minne kijiji nakisikia tu,
kama mtu anavyosikia redio ya jirani.
Kwamba upo mtaro wa maji ya mpunga.
Kwamba bata wa Bi Kiboga anauma, tena anakufuata.
Kwamba mwalimu wa hesabu kavunjika jino kwa muwa
na siku hizi tisa anaisema kwa mluzi.
Kwamba njia ya mkato ya skuli inapita makaburini,
"lakini mama, usinyooshe kidole."
Raudha anatumia maneno, namuuliza maana yake,
ananijibu polepole, kwa subira.
Na lori nililipa mimi.

Juzi boti ikaharibika mashine.
Tukawarejeshea abiria pesa zao, matusi tukabaki nayo,
na saa nne dirisha likafungwa.
Nikafika Bumbwisudi mchana kweupe,
nikaipita nyumba yangu,
nikenda mpaka mwisho wa mpunga, nikageuza.
Ukuta ulikuwa wa manjano.
Chini ya balbu, miezi yote ile,
mimi nilikuwa nikiishi kwenye nyumba nyeupe.

Barazani kimekaa kitoto kisicho meno ya mbele,
kinakula muhogo wa kuchemsha.
"Unamtaka nani?"
"Nakaa hapa."
Kikanitazama: helmeti, vumbi, mkoba wa kazini.
"Hapa wanakaa kina Ilyasa,"
kikasema, kwa upole,
kama anavyoelekezwa mtu aliyepotea njia.
"Hawapo, wamekwenda mtaroni.
Ila kaa, mgeni haachwi juani."

Kikasogea, kikanipisha kwenye kivuli.
Kikaukata muhogo wake,
kikaipima mikato miwili kwa jicho,
kikanipa ulio mkubwa.
Nikaupokea kwa mikono miwili.