Meno ya Msumeno

Ilianza kwa kusita. Turubai likifika
penye kingo nne zilizokunjwa pamoja
lilisimama, sindano ikadonoa palepale,
tundu juu ya tundu, mpaka uzi ukakatika
na mwenye lori akatazama saa, kisha akanitazama mimi.

Nikailaza cherehani ubavu.
Meno yale, safu mbili chini ya bamba,
yaliyosukuma kitambaa tangu kwa mwenyewe wa kwanza,
yalikuwa laini kama ufizi wa mtoto.
Dar walisema: laki mbili na themanini,
na huenda yasiingie, mashine yako ya zamani, mama,
tuma picha. Nikatuma picha.
Wakanijibu kwa kidole gumba.

Basi nikaipakia kwenye toroli la viazi
hadi kwa Tweve, nyuma ya stesheni ya Makambako,
upepo wa Juni ukitutupia pumba machoni,
mafuta ndani ya mashine yameganda kama ya kondoo.

Tweve si fundi cherehani. Miaka ishirini na miwili
alinoa misumeno kule Sao Hill,
na kidole chake cha shahada kilibaki hukohuko.
Akapitisha kile kisiki juu ya meno yangu:
"Haya hayaumwi, Sekela. Haya yamekwisha."

Akachomoa uvunguni kipande cha msumeno
kilichotafuna paini mpaka kikapasuka.
Akakikata polepole, akikimwagia maji,
chuma kisije kikapata moto
kikasahau ugumu wake.

Kisha tupa ya pembe tatu.
Jino. Anapuliza. Jino.
Mimi nimeshika tochi ya simu, chaji asilimia tisa.
"Waliochonga yale ya kwanza walifikiria shati," akasema.
"Turubai si shati." Akayachimba kina,
akayalaza kidogo kuelekea nyuma, kama ya papa
aliyemwona kwenye kalenda ya benki.

Bushi ya mhimili nayo ilikuwa inacheza.
Akachonga nyingine kutoka koki ya shaba,
koki ambayo haikuwa na maji tangu mwaka juzi.

Kombe ndilo lililotutesa.
Likawahi, mshono ukaruka.
Likachelewa, sindano ikavunjika
na kipande kikagonga kopo la chai.
Hatukusemezana kwa muda.
Mara ya tano, au ya sita, ncha yake ikapita
nyuma ya sindano, karibu mno,
pengo la karatasi ya kusokotea tumbaku.

Kingo nne. Ikapanda.
Tukakunja tano. Ikapanda
kama semitrela mlima Kitonga, gia ya kwanza,
inalalamika, haizimi.

Ila mshono uliegemea kushoto.
Tweve akainama, akafumba jicho moja.
"Jino la mwisho kulia, fupi. Nimekosea.
Njoo kesho nichonge upya."
Mwenye lori alikuwa amepiga simu mara saba.
Nikasema liache.

Alidai elfu ishirini na tano
na vipande vya turubai, banda lake linavuja.
Nikamshonea mwenyewe, kwa meno yake,
mshono wake umelala kushoto juu ya kitanda chake.

Siku hizi nikingoja nauli ya kurudi Njombe
naangalia malori yanayoelekea Tunduma.
Mengi siyajui. Halafu linapita moja,
turubai limefungwa kamba, limechafuka matope ya nchi nyingine,
na kwenye pindo, haraka, kabla ya moshi,
naiona: ile hatua ya kuchechemea.
Dereva hajui. Hata mwenye mzigo hajui.
Nasimama vizuri kidogo.

Jana nimesikia sauti mpya, upande wa mkanda,
kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kuomba jambo.
Nimeongeza mafuta.
Nimejifanya sijasikia.