Kigingi cha Tatu, Uvinza

Kamba tuliifunga penye jicho la maji ya munyu,
tukaivuta hadi ukingo wa Malagarasi:
vigingi kumi na viwili, hatua kumi kumi,
mimi na Nyabenda na fremu ya mbao.

Kigingi cha kwanza, daftari halina neno.
Udongo mweupe, umepasuka kama kisigino.
Cha pili, vilevile.
Cha tatu, nyasi fupi, zimelala kifudifudi;
Nyabenda akalamba jani, akatema:
"Hizi zinatoka jasho la chumvi."

Matete yanaanzia cha saba, tena kwa woga,
yamedumaa, ncha zimeungua.
Mafunjo hayasogei huku kabisa;
yanataka maji yasiyo na deni.

Mama, aliyechemsha chumvi hapa miaka thelathini,
hakuwa na kamba. Alitazama
majani yanapokoma, akasema: chimbeni.

Masika, matete huteremka hatua mbili.
Kiangazi, chumvi huja kuzidai.

Nimeandika hesabu yote, safi.
Ila zile nyasi za cha tatu:
Nyabenda alizihurumia, akazihamishia bustanini,
udongo mweusi, maji ya bomba.

Magugu yalizimeza kabla ya Ijumaa.