Mgongo Wazi

Barua niliiandika mara nne.
Ya kwanza ilijaa shukrani kupita kiasi,
ya pili ilijaa hasira,
ya tatu nilimfungia Obuya maandazi bila kujua,
akairudisha jioni ina madoa ya mafuta, asiseme neno.
Ya nne ilikuwa mistari mitatu na sahihi.
Nikaipandisha ghorofa ya tatu kwa miguu,
maana lifti, kama kawaida, ilikuwa likizoni.

Bwana Kisiang'ani aliisoma akiwa amevua miwani.
"Ngozi ya samaki," akasema.
Hakuuliza. Alitamka tu,
kama mtu anayesoma jina la ugonjwa wa jirani.
Kisha akavuta droo, akanipa peremende.

Miaka kumi na mmoja nimehesabu maji ya watu:
mita za Milimani, mita za Nyalenda,
bili ya marehemu inayoendelea kunenepa
kwa sababu hakuna aliyekuja kutuambia amekufa.
Tarehe ishirini na nane mshahara uliingia
kama mgeni asiyepiga hodi,
akala deni la sako, akala karo, akala bima,
akaniachia sahani za kuosha.
Lakini alikuja. Sitamsengenya.
Hata mwaka ule wa homa, alikuja.

Shangazi Nyagowa akapiga simu kutoka Ahero:
"Usiache mbachao kwa msala upitao."
Nikamwambia, Shangazi, mbachao wenyewe
nimeukalia hadi umechukua umbo langu,
na siku hizi nikisimama
mimi ndiye nina umbo lake.
Akanyamaza.
Halafu akauliza kama ule mchele ulifika,
nikajua amekasirika.

Obunga, saa kumi na mbili asubuhi.
Moshi, mafuta yanayochemka, wanawake na karai zao,
wanakaanga mgongo wazi:
mifupa ya mbuta iliyobaki
baada ya minofu kupanda ndege
kwenda kuliwa na watu wasiotujua.
Uti, mkia, na kichwa kinachokutazama
kama kinachokudai.
Ngozi tunazinunua kwa ndoo.

Awuor ananifundisha. Ana miaka ishirini na mitatu,
ananiita "madam" kwa mazoea, kisha anacheka.
Kwangua nyama. Loweka kwenye chokaa.
Zungusha pipa mpaka bega lilalamike.
Pigilia misumari ubaoni, usiivute sana, ina kumbukumbu,
itajikunja irudi ilikotoka.
Yeye aliharibu mia mbili ndipo akajua.
Mimi nimeharibu thelathini na saba;
naziandika daftarini, kwa tarehe na sababu.
Mkono wa karani haufi upesi.

Mtu wa Eldoret aliagiza mikoba arobaini.
Tukakopa rangi. Simu yake sasa haipatikani.
Tumeuza pochi mbili na ukanda mmoja,
ukanda wenyewe kwa Bwana Kisiang'ani,
ambaye hakuomba kupunguziwa bei
wala hakutaka kuketi.

Binti yangu ananikumbatia huku amebana pua:
"Mama, siku hizi unanuka ziwa."
Obuya hulala akitazama ukuta.
Kama ni harufu au ni hesabu, sijamuuliza.
Nami pia ni mgongo wazi:
nyama imekwenda, bima imekwenda,
na upepo unapita katikati ya mbavu.

Jana ilikuwa tarehe ishirini na nane.
Niliamka kabla ya kengele, nikaishika simu gizani,
ikawa kimya kama jiwe.
Nikaenda karakanani peke yangu.
Ngozi moja ilikuwa imekauka, ya buluu, haikujikunja.
Nikaipapasa. Ina vifuko vidogo vidogo, safu kwa safu,
kila kimoja kiliwahi kushika gamba
lililong'aa kama sarafu.
Nikaanza kuvihesabu.
Nikafika mia nne na kumi,
hesabu ikanipotea,
na sikuanza upya.