Kuondoa Kitabu

Maktaba yetu ilikuwa stoo ya mashuka.
Mpaka leo, mvua ikinyesha Soroti,
kuta hutoa harufu ya sabuni ya mche
na vitabu huvimba kama mkate uliochovywa.

Sista Asekenye aliingia saa tano usiku,
viatu mkononi, asichafue sakafu niliyopiga deki.
Hakuomba kitabu. Alisema:
"Esabu, wanasema mtoto mwenye homa kali,
mikono ya baridi, pumzi za mbio,
usimkimbizie maji mshipani.
Dakta Emuron anasema mkimbizie.
Nimshike nani?"

Nikamuuliza ninachowauliza wote,
hata wanafunzi wanaoniigiza wakicheka:
Wanasema. Akina nani hao?
Waliona watoto wangapi? Wa wapi? Lini?
Na wale ambao hawakupewa maji,
walihesabiwa nao,
au walisahauliwa kama sahani ya mgeni aliyekwisha kuaga?

Tukaliandika swali nyuma ya chati ya joto:
nani, nini, badala ya nini, ili iweje.
Lilikuwa refu kama malalamiko.
Tukalikata. Tukalikata tena,
likabaki maneno sita
yanayoweza kupenya tundu la mtandao wetu.

Bando lilikuwa na megabaiti arobaini.
Betri ya sola ilikuwa inakohoa.
Jarida la kwanza lilitaka dola.
La pili lilihusu panya.
La tatu likafunguka mstari kwa mstari,
polepole, kama mtu anayevua shati
lililogandamana na kidonda.

"Ni wa kwetu," akasema Asekenye,
kidole juu ya neno Uganda,
akaacha kusoma kwa muda.

Tarakimu, nukta, tarakimu.
Mimi sijawahi kumgusa mgonjwa;
kazi yangu ni vumbi, funguo na faharasa.
Lakini nukta ile naijua:
ni mama aliyekunja leso tupu
akapanda nayo gari la kurudi kijijini.

Tukasoma mpaka chini, kwenye herufi za siafu:
nani alilipa, nani alijumlisha,
nani aliachwa nje.
"Hapa," nikamwonyesha, "watoto wa kuhara hawamo.
Usilichukue jibu ukalipeleka
mahali ambapo swali halikuulizwa."
Akaandika hilo kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino,
akavaa viatu mlangoni, akakimbia.

Asubuhi alikuja Dakta Emuron
kutafuta kitabu chake.
Si chake, ila kila mtu anajua ni chake:
jalada jekundu, toleo la elfu moja mia tisa themanini na moja,
kilitoka ng'ambo ndani ya sanduku la msaada,
na pembezoni mwa kurasa kuna mwandiko wake
wa enzi za mitihani, mdogo, wenye imani.
Nilikiweka mezani. Kando yake
nikaweka karatasi mbili za Asekenye.
Sikusema neno. Nani mimi?

Alisoma amesimama.
Kisha akakaa kwenye ngazi ya rafu,
ile yenye mguu mbovu,
akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.
"Nimewakimbizia wangapi?"
akauliza, si mimi.

Nina rafu ya malaria, rafu ya uzazi,
rafu ya mifupa iliyoliwa na mchwa.
Swali hilo sina rafu yake.

Alipoondoka nilichukua muhuri wa IMEONDOLEWA.
Wino ulikuwa umekauka;
nikaupulizia pumzi mara mbili, tatu,
nikaubonyeza kwa mikono yote miwili.
Sikukipeleka shuleni kama vingine.
Kosa halipewi watoto kwa kuwa lina jalada zuri.

Pengo lake bado lipo, upana wa viganja viwili.
Sista ameweka machungwa hapo, hakuacha barua.
Nimeyanusa:
yameanza kunukia sabuni.