Herufi Moja

Kosa lilikuwa langu. Leo nalisema.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, kiwandani kwa Tudwal,
mji wa mvua, kaskazini ya Wales,
nikipanga nota za solfa, herufi moja moja za risasi.
Sanduku lilikuwa na vyumba vidogo kama masega:
d kando ya r, s ubavuni mwa l.

Gruffydd Penri alipasua mawe ya kuezekea siku sita kwa juma.
Vumbi la machimbo lilikaa kifuani mwake
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Kinanda hakuwa nacho. Lahani ilimjia patasini,
akaiandika kwa chaki juu ya kigae cheusi,
akakibeba maili tatu ndani ya koti
mvua isije ikaifuta.
Aliiita Hafod: ndiyo nyumba ya kiangazi, juu milimani,
alikozaliwa Mallt, mkewe.

Nakikumbuka kigae mezani, kimelowa pembe moja,
na kidole chake kisicho na ukucha
kikisimama kwenye mstari wa tatu.
"Hapa, kijana, kila mtu atatazamia kupanda.
Wasipande. Wabaki kwenye s.
Mtu aliyechoka hapandi."

Nikaitika. Ikafika saa tano usiku,
mshumaa umebaki kama jino la mzee,
mkono wangu ukaingia chumba cha jirani.
Nikaweka l.

Nakala elfu mbili.

Aliandika barua. Ya kwanza ilikuwa na salamu ndefu,
ya tano haikuwa na salamu.
Tudwal alifungia siagi.
"Herufi moja tu," alisema. "Mungu hasomi solfa."

Na lahani ikaenda zake.
Ikashuka migodini, ikapanda meli,
ikafika Patagonia na watu wetu waliohama na kondoo wao.
Kila ilikoimbwa, mstari wa tatu ukifika
watu walipanda, wakafumba macho,
na nimewaona wanaume wenye shingo za fahali
wakilia hapo hapo, penye l yangu.
Wahubiri walisema hapo ndipo Roho anaposhuka.
Gruffydd, benchi la nyuma, alifunga mdomo
nota hiyo ipite, kisha akaendelea.

Mara tatu nilifika langoni kwake nikaungame.
Mara tatu nilimkuta mbwa,
na mbwa akanitosha kuwa sababu.

Tulimzika Februari, ardhi ngumu kama mkate wa juma lililopita.
Kanisa lilijaa hadi ngazini.
Mstari wa tatu: watu mia nne wakapanda.
Mallt hakupanda.
Alibaki kwenye s, peke yake,
sauti nyembamba, kavu, iliyonyooka kama uzi wa mwashi,
na s ile na l ile zikasagana
hadi watu wakatazamana: maskini, msiba umempoteza.
Kiongozi wa kwaya akainua kiganja, taratibu, kumsaidia apande.
Ubeti wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

Ubeti wa nne nilishuka nikakaa naye.
Niliimba vibaya. Nilikuwa mlangoni, kofia mkononi,
sidhani alinisikia.
Lakini nilipokanyaga nota ile nilijua
kwamba pale palikuwa na mahali pa kuketi,
na kwa miaka ishirini na sita
nilikuwa nimeondoa kiti.

Tudwal alishakufa. Kiwanda ni changu.
Toleo jipya linatakiwa kabla ya Pasaka.
Jana niliipanga s. Nikaitazama. Nikaitoa.
Nikawafikiria wale wa Patagonia, wazee sasa,
wanaoijua Hafod kwa kupanda tu,
waliozikana nayo, waliooana nayo.
Nikairudisha l. Nikaitoa tena.
Juu ya ukurasa limebaki tundu,
upana wa punje ya mchele.

Kurasa nyingine zote zimeshafungwa kamba.
Mallt bado yu hai. Mbwa alikufa.
Kesho sina sababu.